Uchambuzi wa kisa: mstari uliokataliwa, na teoremu ya mwendelezo bila uteuzi

Usuli

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa uzamili wa hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Mambo madogo nimeyageuza ili asitambulike yeye, msimamizi wake wala chuo chenyewe. Hesabu sijaigusa. Mimi niliingia kama msomaji wa pili wa rasimu, yaani yule mtu anayeletewa karatasi wakati wenyewe wameshachoka kuzitazama.

Mada yake ilikuwa teoremu za mwendelezo (mabadiliko yasiyo na mruko wa ghafla) katika hisabati ya kujenga, zithibitishwe bila kanuni za uteuzi. Katika hisabati ya kujenga, ukisema kitu kipo ni lazima uwe na njia ya kukifikia, na ukisema "hili au lile" ni lazima uweze kusema ni lipi. Kanuni ya kawaida kwamba kila kauli ni kweli au si kweli, basi, hairuhusiwi kutumiwa kiholela. Mholanzi Brouwer ndiye aliyeanza vita hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1967 Mmarekani Errett Bishop akaonyesha kwa kitabu kizima kwamba sehemu kubwa ya uchanganuzi wa namba halisi inaweza kujengwa upya kwa njia hiyo, bila kelele za falsafa.

Ila Bishop aliacha mlango mmoja wazi. Aliona kwamba uteuzi umo ndani ya maana yenyewe ya kuwepo: ikiwa kwa kila n kuna kitu fulani, basi unaweza kuchukua kimoja kimoja na kuvipanga katika mfuatano. Huo ndio uteuzi wa kuhesabika. Ikiwa kila chaguo linategemea lililotangulia, unaitwa uteuzi tegemezi. Kanuni kamili ya uteuzi haikubaliki kabisa, kwa sababu Diaconescu alionyesha mwaka 1975 kwamba ukiiruhusu, ile kanuni ya "ni kweli au si kweli" inarudi kupitia dirishani. Hizi ndogo mbili zilionekana hazina madhara, na vitabu vingi vya hisabati ya kujenga huzitumia bila hata kuzitaja. Fred Richman ndiye aliyeshikilia, katika maandishi yake ya miaka ya 2000 na 2001, kwamba hata hizo tuziache.

Mwanafunzi wetu hakuwa na ugomvi wa kifalsafa. Alitaka kutumia teoremu zake ndani ya miundo ya toposi, yaani ulimwengu mbadala wa hisabati wenye mantiki yake wenyewe, na humo uteuzi wa kuhesabika unaweza kukosekana kabisa. Ukithibitisha kwa uteuzi, teoremu yako haivuki mpaka.

Teoremu yenyewe

Mtu akitoka Mombasa, usawa wa bahari, akafika Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, njiani kuna mahali alipopita mita 1,000. Hakuna dereva wa lori atakayebisha. Kihesabu: f ni fankisheni, yaani kanuni inayopokea namba na kurudisha namba, yenye mwendelezo kwenye kipande [a, b]. Ikiwa f(a) iko chini ya sifuri na f(b) iko juu yake, basi mahali fulani katikati f inagusa sifuri.

Katika hisabati ya kujenga, kugusa sifuri kabisa hakuthibitiki kwa fankisheni yoyote ile. Fikiria fankisheni inayopanda, ikakaribia sifuri, ikatembea bapa kwa muda mrefu, halafu ikapanda tena. Kama hujui ule ubapa uko juu ya sifuri kidogo, chini kidogo, au kwenye sifuri barabara, huwezi kusema mzizi, yaani mahali f inapogusa sifuri, uko upande wa kushoto au wa kulia wa ubapa. Kwa hiyo tunadai jambo dogo kuliko hilo: kwa kila ε iliyo kubwa kuliko sifuri, kuna x ambayo |f(x)| < ε. Huo ndio mzizi wa kukadiria, na ndio teoremu ya sura ya kwanza ya kazi yake.

Njia ya kila mwanafunzi ni kukata kipande katikati. Tazama f pale katikati. Ikiwa ni hasi, bakia na nusu ya kulia, na ikiwa ni chanya, bakia na ya kushoto. Rudia. Tatizo ni hilo neno "ikiwa". Namba halisi haikuambii kama ni hasi au chanya, kwa sababu huenda ikawa sifuri na ukakaa ukiisubiri milele. Inachoweza kukuambia ni kwamba iko chini ya ε au iko juu ya −ε. Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na utakayopewa hutegemea namba hiyo ilivyoandikwa.

Yaliyotokea

Mwezi wa pili alikuwa na uthibitisho wa kurasa mbili, safi, wa kukata katikati kwa majibu hayo ya kukadiria. Msimamizi alimwambia auandike ndani ya Agda, programu ya kukagua uthibitisho mstari kwa mstari. Alidhani ni kazi ya wiki moja.

Siku ya tatu alikuja ofisini kwangu na kompyuta mkononi.

"Daktari, mashine imekataa."

"Imekataa nini, kijana wangu?"

"Mstari mmoja tu. Ule wa kuchagua nusu."

Alikuwa ametumia kuwepo kwa aina inayoitwa kuwepo tupu. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wa bahasha. Ukithibitisha kwamba kitu kipo, kitu chenyewe kinatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na vivyo hivyo jibu la "hili au lile". Unaruhusiwa kuifungua bahasha ikiwa unachotafuta nacho ni kauli, kitu kitakachoingia kwenye bahasha nyingine. Huruhusiwi kuifungua ili utoe namba na kwenda nayo mtaani, maana mtu mwingine akifungua bahasha ileile anaweza kukuta jibu jingine, na namba yako haitakuwa namba moja tena. Mwanafunzi alikuwa anafungua bahasha moja kwa kila hatua, hatua zisizo na mwisho, akitengeneza mfuatano wa namba. Huo ni uteuzi tegemezi uchi kabisa, na kwenye karatasi hakuna aliyeuona, mimi nikiwemo.

Jaribio la pili lilikuwa la kutumia maandishi ya namba zenyewe. Namba halisi ikija na mfuatano wa sehemu (namba kama 1/3) unaoikaribia, unaweza kusoma sehemu ya kumi, kwa mfano, na kuamua kwa hiyo, bila bahasha. Ni kweli kwa namba moja. Ila hapa unahitaji maandishi ya f(c) ya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea, na kila maandishi nayo yamo ndani ya bahasha yake. Amezunguka akarudi palepale. Alichukua wiki mbili kuliona, na sidhani zilipotea, kwa sababu tangu hapo alianza kuhesabu bahasha kabla ya kuandika chochote.

Jaribio la tatu lilifaulu, lakini kwa bei. Msimamizi alimwambia adhani mwendelezo sawia. Mwendelezo kwenye nukta maana yake ni kwamba kwa kila ε kuna umbali δ, na ukibaki karibu na nukta hiyo kuliko δ, f haibadiliki kufikia ε. Ukiwa sawia, ε moja ina δ moja inayofanya kazi kwenye kipande chote. Hapo unajua tangu mwanzo ni hatua ngapi zinatosha: kata mpaka kipande kiwe kifupi kuliko δ, kisha simama. Hatua zenye mwisho, bahasha zenye mwisho, na lengo ni kauli. Agda ikakubali mchana uleule.

Ila dhana hiyo ni nzito. Kwa Brouwer, fankisheni yoyote juu ya [0, 1] ina mwendelezo sawia, lakini alifika huko kwa kanuni zake za ziada. Katika hisabati ya kujenga ya Warusi, ile ya fankisheni zinazohesabika kwa mashine, kuna fankisheni yenye mwendelezo kwenye kila nukta ya [0, 1] ambayo haina mwendelezo sawia, na hata haina kipimo cha juu. Wewe ukisema "mwendelezo" kule toposini, huwezi kudai upewe ule mzito bure. Kwa mwendelezo wa nukta kwa nukta, δ inategemea nukta unayoifikia, na nukta hiyo huijui mpaka mfuatano uishe. Ndiyo maana hatua hazikubali kuwa na mwisho.

Wiki iliyofuata stima ilipotea chuoni, tukatoka sisi watatu hadi kibanda kimoja Ngara. Mama wa kibanda akauliza: chapo na madondo, au na ndengu? Msimamizi, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akasema: "Changanya." Ningependa kuandika kwamba wazo lilizaliwa hapo. Ukweli ni kwamba mwanafunzi alikuwa ameshasoma makala ya Matthew Frank, iliyochapishwa 2020, ambayo wazo lake lote ni hilo: usichague nusu, zichanganye. Alikuwa ameisoma bila kuielewa. Pale mezani ndipo alipoielewa.

Uamuzi uliobadili kazi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sehemu nyingine zote za kisa zinaning'inia kwenye mistari hii minne. Urefu wa kipande chote, b − a, tuuite L. Anza na a₀ = a na b₀ = b. Katika hatua ya m:

cₘ = (aₘ + bₘ)/2
dₘ = max(0, min(1, 1/2 + f(cₘ)/ε))
aₘ₊₁ = cₘ − dₘ · L/2ᵐ⁺¹
bₘ₊₁ = bₘ − dₘ · L/2ᵐ⁺¹

Hakuna "ikiwa" popote. Kuna kujumlisha, kugawa, max na min, vitu ambavyo namba halisi zinavijua bila kuulizwa ziko upande gani. Kama f katikati iko juu ya ε/2, d inagonga 1 na kipande kipya ni nusu ya kushoto kamili. Kama iko chini ya −ε/2, d ni 0 na tunapata nusu ya kulia. Katikati ya hapo, kipande kipya kinateleza baina ya nusu hizo mbili, kama sahani ya mchanganyiko. Kila mara urefu unakuwa nusu ya uliotangulia.

Kwenye karatasi ya kufungia mandazi tulipiga hesabu ya f(x) = x − 1/3 kati ya 0 na 1, ε ikiwa 1/10. Katikati ni 1/2, f ni 1/6, d ni 1, tunabaki na [0, 1/2]. Katikati mpya ni 1/4, f ni −1/12, d ni 0, tunabaki na [1/4, 1/2]. Mpaka hapo ni kukata katikati kwa kawaida. Hatua ya tatu: katikati ni 3/8, f ni 1/24, na safari hii d haigongi ukuta, inatoka 11/12. Kipande kipya ni [25/96, 37/96], ambacho si nusu ya kushoto wala ya kulia. Katikati yake ni 31/96, na f hapo ni −1/96.

Sasa mtu makini atauliza: ukishateleza, nani anakuhakikishia kwamba mwisho wa kushoto bado uko chini ya sifuri na wa kulia bado uko juu? Hakuna anayehakikisha, na hapo ndipo penye uzuri wake. Kuteleza kunatokea tu pale ambapo |f(cₘ)| ni ndogo kuliko ε/2, na hapo umeshapata ulichokuwa unatafuta. Hujui kwamba umeshinda, na mfuatano wenyewe hauhitaji kujua.

Uthibitisho unakwenda hivi. Kwa induksheni juu ya m, yaani kwa kupanda kutoka m hadi m + 1: ama kuna j iliyo ndogo kuliko m ambayo |f(cⱼ)| < ε, ama f(aₘ) < 0 na f(bₘ) > 0. Kupanda hatua moja, unauliza kuhusu f(cₘ): iko ndani ya ε, au ukubwa wake umezidi ε/2? Kanda hizo mbili zinapandana, kwa hiyo swali lina jibu. La kwanza likiwa kweli, umepata j. La pili likiwa kweli, d imegonga ukuta, kipande kipya ni nusu kamili, na alama za pande mbili zimebaki zilivyokuwa. Bahasha zinafunguliwa, ndiyo, lakini kwa ajili ya kauli, na kwa kila m ni chache zenye idadi.

Mfuatano wa c una kikomo, tukiite c, na kasi yake ya kukaribia inajulikana kwa sababu vipande vinapungua nusu kwa nusu. Fungua bahasha moja: δ ya mwendelezo wa f kwenye nukta c. Chukua m ambayo kipande chake ni kifupi kuliko δ. Ikiwa kuna j iliyoshinda, tumemaliza. Ikiwa hakuna, f(c) iko chini ya f(aₘ) + ε, yaani chini ya ε, na iko juu ya f(bₘ) − ε, yaani juu ya −ε. Basi c yenyewe ndiyo jibu.

Tuliamua mambo mengine mawili siku hiyo. La kwanza, asijenge namba halisi yeye mwenyewe. Bila uteuzi, namba halisi za Cauchy (zinazojengwa kwa mifuatano ya sehemu) na za Dedekind (zinazojengwa kwa kukata sehemu zote makundi mawili) si lazima ziwe kitu kimoja, na Robert Lubarsky alionyesha mwaka 2007 kwamba zile za Cauchy zinaweza hata kukosa ukamilifu wao wenyewe, yaani mfuatano wake ukakosa kikomo ndani yake. Kwa hiyo aliandika: chukua uga wowote (mfumo wa namba za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa) wenye mpangilio, wa Archimedes (yaani hakuna namba inayozidi namba nzima zote), ambao kila mfuatano wenye kasi inayojulikana una kikomo ndani yake. Uthibitisho wake ukawa unafanya kazi popote penye sifa hizo, na saa nyingi za kuchezea mikato ya Dedekind ndani ya Agda zikaokolewa. La pili, uthibitisho wa mwendelezo sawia usifutwe. Uwekwe mbele kama ngazi, kwa kuwa msomaji mgeni anauelewa kwa dakika tano.

Makosa mawili

Rasimu ya kwanza ya mchanganyiko ilikataliwa na mashine kwa siku nne. Alikuwa ameandika d kwa kutumia f(c)/(4ε) badala ya f(c)/ε. Inaonekana ni kipimo tu cha kubadilisha, lakini kwa hesabu hiyo d inagonga ukuta pale |f(c)| inapofika 2ε. Swali lake likawa: iko ndani ya ε, au imezidi 2ε? Kanda hizo hazipandani. Kuna pengo kati ya ε na 2ε ambamo hakuna jibu lolote lililo kweli. Kwenye karatasi alikuwa ameandika hapo "ni dhahiri". Nilicheka, kisha nikakumbuka ni mara ngapi mimi mwenyewe nimeandika neno hilo mahali penye shimo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu mashine ililikubali. Katika semina, baada ya kuonyesha kila kitu kwa fahari kubwa, mwanafunzi mwenzake wa kike aliyekuwa amekaa nyuma akauliza:

"Ndugu yangu, hiyo delta nani amekupa?"

Alipofungua fasili yake ya mwendelezo, alikuwa ameandika kwamba fankisheni yenye mwendelezo huja na kanuni inayotoa δ kwa kila nukta na kila ε. Yaani si kwamba δ ipo ndani ya bahasha, bali imewekwa mkononi, kwa nukta zote kwa pamoja. Ukitaka kutoka "δ ipo kwa kila nukta" hadi "kanuni ya kutoa δ", unahitaji uteuzi, na si ule mdogo wa kuhesabika. Agda haikulalamika kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyedai apewe. Uteuzi ulikuwa umefukuzwa kwenye uthibitisho ukajificha ndani ya fasili.

Marekebisho yalichukua alasiri moja. Uthibitisho unahitaji δ mara moja tu, kwa nukta c na ε iliyoteuliwa, na lengo ni kauli, kwa hiyo bahasha inafunguka bila shida. Lakini teoremu aliyokuwa ameitangaza wiki tatu nzima ilikuwa dhaifu kuliko alivyodhani. Nilikuwa nimesoma ukurasa huo wa fasili mara mbili kabla ya semina.

Yaliyoshindikana

Sura ya pili ilipangwa kuhusu mbinu za Hajime Ishihara za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Moja inasema takriban hivi: una fankisheni kutoka nafasi ya kimetriki (mkusanyo wa nukta zenye kipimo cha umbali) iliyokamilika, inayotenganisha nukta kwa maana kwamba ikitoa matokeo mbalimbali basi nukta zenyewe ni mbalimbali, na una mfuatano wa nukta xₙ unaoelekea x. Kwa namba chanya p < q, ama kuna n ambayo f(xₙ) iko mbali na f(x) kuzidi p, ama kwa kila n umbali huo uko chini ya q. Kutoka "ama" hiyo ndipo hupatikana matokeo mengi kuhusu mwendelezo wa mifuatano.

Uthibitisho wa Ishihara unaanza kwa kutengeneza mfuatano wa sifuri na moja, ukiamua kwa kila n kama umbali uko chini ya q au umezidi p. Maamuzi yasiyo na mwisho tena, yaani uteuzi wa kuhesabika. Mwanafunzi alisema, na mimi nilikubaliana naye: tulete mchanganyiko. Badala ya sifuri au moja, weka namba kati yake.

Wiki sita ziliishia hapo. Kwanza, katika nafasi ya kimetriki kwa jumla hakuna "kati". Ukiwa na nukta mbili za Ngara na Thika huna ruhusa ya kudai nukta ya nusu njia, maana nafasi yenyewe inaweza kuwa haina. Alipojizuia kwenye namba halisi tu, alichanganya x na xₙ akapata nukta ya tatu, na kuhusu f kwenye nukta hiyo ya tatu hakuwa na habari hata chembe.

Uchambuzi

Kwa nini mchanganyiko ulifaulu sura ya kwanza ukashindwa ya pili? Tulilijadili sana, na jibu langu ni hili. Katika mzizi wa kukadiria, eneo la shaka na eneo la ushindi ni eneo moja. Unashindwa kuamua f(c) iko upande gani pale tu inapokaribia sifuri, na kukaribia sifuri ndiko unakokutafuta. Kwa hiyo ukiharibu alama za pande mbili kwa kuteleza, umeziharibu wakati huzihitaji tena. Katika mbinu ya Ishihara, eneo la shaka ni umbali ulio kati ya p na q, na kuwa humo hakukupi ushindi wowote. Jibu lolote kati ya mawili bado ni kazi ya kufanya. Kuchanganya hapo ni kuahirisha uamuzi mpaka mahali ambapo utauhitaji na hutakuwa nao. Tungejiuliza swali hilo moja kabla ya kuanza, shaka yetu inaangukia wapi, tungejua kwa siku moja kilichotuchukua wiki sita.

Kuhusu mashine: ilikuwa msaada mkubwa kwenye mistari na bure kabisa kwenye fasili. Ilikamata ule uteuzi tegemezi ambao watu watatu wenye shahada hawakuuona, ikakamata na pengo la ε na 2ε. Ila swali la "nani amekupa" liliulizwa na mtu. Tangu semina hiyo, msimamizi anamtaka kila mwanafunzi asome fasili zake kwa sauti mbele ya mwenzake asiyehusika na kazi, huku akisema kwa kila "kuna" kama kitu kiko mkononi au kwenye bahasha. Inachosha, na wanalalamika.

Uamuzi wa kuhifadhi njia ya mwendelezo sawia ulisaidia kwa sababu ambayo hatukuitarajia. Mtahini wa nje, ambaye si mtu wa hisabati ya kujenga, alishika hoja ya hatua zenye mwisho mara moja, na maswali yake yote ya mchanganyiko yalitokea hapo. Bila ngazi hiyo nadhani tungetumia saa nzima tukieleza kwa nini kuchagua mara zisizo na mwisho si sawa na kuchagua mara elfu moja.

Uamuzi wa kutokukubali uteuzi kama dhana ya ziada bado una wapinzani, na mmojawapo yumo idarani humohumo. Hoja yake ni kwamba Bishop aliishi nao vizuri, na kwamba kwa mtu anayehesabu kwa mashine ya kweli kila bahasha ina kitu ndani na inaweza kufunguliwa. Ana haki yake, ikiwa kazi yako haitoki nje ya mashine hiyo. Ya huyu kijana ilikuwa inatoka.

Matokeo

Sura ya kwanza ilipita na masahihisho madogo. Teoremu imeandikwa kwa mwendelezo wa nukta kwa nukta, δ ikiwa ndani ya bahasha yake, bila uteuzi wowote, na wazo la mchanganyiko limepewa mwenyewe kwa jina. Sura ya pili haikutupwa. Alirudisha uthibitisho wa Ishihara kama ulivyo, na kando ya kila teoremu iliyotumia uteuzi wa kuhesabika aliweka nyota ndogo. Ziko tano. Ya sita aliifuta nyota wiki moja kabla ya kuwasilisha, baada ya kugundua kwamba uteuzi alioutumia mle ulikuwa wa bahasha tatu tu.